Kapu Alilorudi Nalo

Mambo haya nilisimuliwa na mama mdogo wa binti mwenyewe, juma lile lile yalipotokea, siku aliyokuja kunirudishia sufuria yangu kubwa. Alikuja kurudisha sufuria tu, akakaa mpaka chai yake ikapoa mara mbili. Na yaliyokuwa moyoni mwa binti hakuyatunga. Binti alimwambia kwa kinywa chake, kwa sababu wale wawili hawafichani kitu.

Kazini binti huyo wanamwita Jicho. Kazi yake ni kuchagua vifaranga. Wanakaa wanawake kadhaa kwenye meza ndefu, vifaranga wa siku moja wanaletwa katika trei wakiwa bado na joto la mashine, na kila mchaguzi ana masanduku mawili ubavuni, la matetea na la majogoo. Kifaranga wa siku moja hana upanga kichwani wala hawiki, wote ni mavumbi ya njano yanayolia. Basi mchaguzi anafungua bawa na kutazama manyoya ya ukingoni. Yakipishana, marefu na mafupi, huyo ni tetea. Yakilingana, huyo jogoo. Ndivyo wanavyofundishwa wote, na Jicho alifundishwa hivyo hivyo.

Lakini Jicho alikuwa amefika mahali hafungui bawa tena. Anamchota kifaranga, anampima kiganjani kama mtu anayepima andazi, na hapo hapo anamtia sandukuni. Wenzake wakimaliza trei moja yeye yuko kwenye ya tatu.

"Kabla sijamtazama, mkono umeshajua," alikuwa akisema. Kila sanduku lake lililojaa alilichora jicho kwa mkaa, ili mnunuzi ajue vifaranga wamechaguliwa na nani. Na huo mkono, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa ndugu mmoja na moyo wake. Moyo nao haukosei.

Sasa, jioni ya Alhamisi mchumba wake alikuja kama alivyozoea. Yeye ni mfugaji, anafuga kuku wa mayai nje kidogo ya mji, na vifaranga wake wote ananunua pale anapofanya kazi Jicho. Alikuja amenawa, amevaa shati la buluu alilolipiga pasi mwenyewe, mkunjo wa mgongoni umekwenda upande. Jicho aliupenda mkunjo ule kuliko shati lenyewe. Wakakaa kwenye ngazi za mbele, na mlango nyuma yao uko wazi, maana mama yake Jicho alitaka uwe wazi.

"Kesho kutwa wazazi wangu watafika asubuhi," mfugaji akasema. "Baba amenunua viatu vipya. Tangu jana anatembea navyo sebuleni, anasema anavifundisha adabu kabla havijafika kwenu."

Jicho akacheka. Akanyoosha mkono amtoe unyoya uliokwama kwenye ukosi, naye mfugaji akainua wake kumshika vidole. Mkono wa shati ukapanda juu. Hapo Jicho akaona.

Ilikuwa mikwaruzo, miwili, imeongozana kutoka kwenye kifundo cha mkono kwenda juu, mibichi, bado myekundu.

"Hii nini?"

"Ipi?"

"Hii niliyoishika."

"Aa, hiyo. Waya wa banda."

Alijibu haraka mno. Na alipojibu hakumtazama Jicho, alitazama barabarani kama mtu anayengoja kuitwa.

"Waya una kucha siku hizi?"

"Waya ni waya, mpenzi wangu."

"Waya ungekukwaruza mara moja ukaachana nawe. Huyu aliyekukwaruza alirudia."

Mfugaji akacheka, lakini kicheko kilichelewa. Akateremsha mkono wa shati akafunga na kifungo, ingawa jioni ilikuwa ya joto.

"Basi nitakuja kwako kesho nikupake dawa," Jicho akasema, huku anamchunguza usoni.

"Kwangu?"

"Kwako. Unapolala. Hapo ambapo mwaka mzima sijapaona."

"Unajua mambo ya magonjwa. Mtu anayeshinda na vifaranga akiingia kwenye banda la wakubwa... si wewe mwenyewe uliyenieleza?"

"Nitavua viatu getini."

"Na ugonjwa ukiwa kwenye nguo?"

Kabla hajamaliza alijua amesema nini. Ndani ya nyumba mama akakohoa, kikohozi kirefu cha mtu asiyeumwa. Mfugaji akasimama, akaaga, akambusu Jicho kwenye vidole haraka haraka, akaondoka. Jicho alimtazama mpaka ule mkunjo uliopotoka ukapotea kwenye kona. Alimpenda sana mtu yule. Na moyoni kitu kimeshakaa, kizito, kimejikunja.

Aliingia jikoni. Mama yuko mezani, mama mdogo yuko kwenye vyombo.

"Nimesikia yote," mama akasema.

"Mama, yalikuwa ya watu wawili."

"Na mlango ulikuwa wazi. Haya, unasemaje?"

"Ana mwanamke," Jicho akasema, na sauti ikamvunjikia mwishoni.

Mama mdogo akageuka, mikono inadondosha povu. "Umemwona huyo mwanamke?"

"Sijamwona. Najua tu. Hapa." Akajigusa kifuani. "Kucha zile ni za mtu."

"Mimi nilianza kusema zamani," mama akadakia. "Mwanamume gani anamficha mchumba wake jiko? Ugonjwa wa kuku unakaa jikoni? Chumbani je, nako kuna kuku?"

"Dada, usiumwagie moto mafuta," mama mdogo akasema. "Nawe mwanangu, huo moyo wako umeukagua lini mara ya mwisho?"

"Haujawahi kunidanganya, mama mdogo. Si nilisema mpangaji wa chumba cha nyuma ndiye anayeiba sabuni, tukazikuta chini ya kitanda chake? Si nilisema yule daktari wa meno atamwacha mkewe? Akamwacha. Na huyu mwenyewe! Siku ya kwanza aliyokuja kwenye dirisha la wateja kazini ameshika kapu lililofunikwa, anababaika, hajui aanze wapi, si nilirudi hapa nikawaambia, yule kaka amenipenda, lile kapu lilikuwa na zawadi yangu, ameona haya akarudi nalo? Mkanicheka. Haya, hakunipenda?"

Hadithi ile ya kapu aliipenda sana. Aliisimulia kwa kila mtu, na kila akiisimulia kapu lilizidi kuwa zuri.

"Na uliposema nina mimba?" mama mdogo akauliza.

"Hiyo haihesabiki."

"Nilikuwa na minyoo!"

"Nimesema haihesabiki. Ulikuwa na dalili."

"Na yule fundi wa saa uliyemkataa kwa kuwa moyo ulikuambia ana kichaa? Leo ana mke na watoto watatu, na akili zake zote."

"Tunajuaje? Tunalala naye?"

Mama mdogo akafuta mikono kwenye gauni. "Kumbe na kuhesabu unahesabu wewe mwenyewe."

Jicho hakucheka. Alivuta kiti akakaa, akaanza kuokota makombo ya mkate mezani, moja moja, kana kwamba ni kazi aliyopewa.

"Kesho nikitoka kazini nakwenda kwake. Na hata nisipomkuta huyo mtu, Jumamosi nitawaambia wazazi wake hapana. Moyo umeshasema. Sitaki kuingia nyumba ambayo imenifungia mlango wa nyuma."

"Sasa kama umeshaamua," mama mdogo akauliza taratibu, "unakwenda kutazama nini?"

Jicho akainuka akaenda kulala. Usiku ule alikisikia kitanda cha mama yake upande wa pili wa ukuta, kinalia, kinanyamaza, kinalia. Mama yule ana miaka halali vizuri. Ukimwuliza anasema ni mgongo.

Siku ya pili, kazi ilipokwisha, wakaondoka wawili, maana mama mdogo alikataa katakata aende peke yake. Walipita kwa mziba pancha, wakapita mashine ya unga, wakaingia njia ya changarawe inayoishia kwenye nyumba za matofali. Jicho alitembea mbele, mkoba kwapani, hasemi.

"Mkobani una nini unavyoukumbatia hivyo?"

"Hakuna kitu."

Mama mdogo akaufungua kwa nyuma wala hakuona aibu. Akatoa chupa ndogo ya dawa ya vidonda na pamba.

"Heh! Unakwenda kumfumania mtu na dawa ya kumpaka?"

"Vikioza vile vidonda itakuwa juu yangu?" Jicho akasema, akainyakua chupa, na macho yake yamejaa machozi.

Geti la mfugaji lilikuwa la bati la kijani. Wakavua viatu, maana hasira ni hasira lakini ugonjwa wa kuku ni kweli. Uwanja umefagiwa. Banda refu upande wa kushoto, matetea wamejaa, wanazungumza ile lugha yao ya mchana. Kwenye kamba pameanikwa taulo mbili.

"Mtu mmoja, taulo mbili," Jicho akanong'ona.

"Mimi nina tatu na sina mtu."

"Na gunia lile pale mlango wa nyuma? Kuku wote wako mbele, gunia la chakula linafanya nini nyuma?"

Mama mdogo akamshika mkono, wakazunguka nyumba. Aliniambia kwamba saa ile na yeye aliingiwa na shaka.

Nyuma ya nyumba palikuwa na stoo ya zamani, dirisha limezibwa kwa mbao. Mlango umerudishwa. Ndani kuna mtu anasema, na sauti ni ya mfugaji, laini, sauti ile ile anayoitumia kwenye ngazi jioni.

"Taratibu. Taratibu, nimesema. Mkipiga kelele watu watajua mko humu. Na wewe, jana umenikwaruza, leo nimekukosea nini tena?"

Jicho akashikilia ukuta. Unajua, alikuwa ameyajua haya tangu jana, aliyasema kwa kinywa chake, aliyaapia. Na bado alipoyasikia yalimwumiza kana kwamba hakuwahi kuyaamini hata kidogo. Akakumbuka mkono wa mfugaji ukimwondolea nywele machoni. Akausukuma mlango.

Mfugaji alikuwa amechuchumaa na bakuli la nafaka. Na kumzunguka, juu ya masanduku, kwenye fito, kwenye kiti kilichovunjika mguu, walikuwa majogoo. Majogoo wakubwa, wekundu, shingo zinang'aa, panga zimesimama vichwani. Wote wakageuza shingo kwa pamoja wakamtazama mgeni. Mmoja akaruka kwenye bega la mfugaji, makucha yakitafuta pa kushika.

Kisha mama mdogo akapumua kwa nguvu.

"Wako wapi?" Jicho akauliza. "Wanawake wako wapi?"

"Wanawake gani?"

"Unazungumza na majogoo?"

"Nani mwingine atanisikiliza?" mfugaji akasema, uso umemshuka. Alisimama na yule jogoo begani, kama mtu aliyekamatwa na kitu kibaya zaidi ya jogoo. "Nilikuomba usije."

"Unafuga majogoo kwa siri. Kwa nini mtu afuge majogoo kwa siri?" Akaingia hatua moja. "Umewatoa wapi?"

Mfugaji akaweka bakuli chini.

"Nakuuliza, umewatoa wapi?"

"Kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kwenye masanduku yako. Ya matetea."

"Haiwezekani," Jicho akasema, haraka kama alivyojibu mfugaji habari ya waya. "Wamechanganywa. Yule jirani yangu wa mezani anachanganya sana."

Mfugaji hakubisha. Alitazama chini tu, na Jicho akafuata macho yake. Masanduku waliyosimamia majogoo yalikuwa ya pale kazini, yamechakaa. Na kwenye kila sanduku, ubavuni, limechorwa jicho kwa mkaa. Macho yake mwenyewe yakamkodolea kutoka kila upande wa stoo ile.

Akakaa kwenye kizingiti.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo." Mfugaji akamshusha jogoo begani, akamshika mikononi, jogoo mkubwa kuliko wote, unyoya mmoja mweupe mkiani. "Huyu ndiye wa kwanza. Huyu ndiye aliyekuwa kapuni."

"Kapu gani?" Jicho akauliza, ingawa kapu alilijua.

"Siku ile ya dirishani. Nilikuja nimekasirika, maneno nimeyapanga njia nzima. Nikakukuta wewe. Nikasema, dada, nina malalamiko ya vifaranga. Ukaniambia, kama ni vifaranga wa sanduku langu huna malalamiko, kaka yangu, mimi sijawahi kukosea tangu nizaliwe. Ukanitazama. Ukacheka. Mimi nikasahau kilichonileta."

"Kwa hiyo hukuniletea zawadi."

"Nilikuletea jogoo."

"Na hukunipenda."

"Nilikupenda pale pale, na jogoo anahangaika kapuni, namwomba Mungu asiwike."

Mama mdogo akacheka mpaka akajifunika mdomo. Jicho hakucheka. Alinyoosha mikono akampokea yule jogoo, akampima kwa kiganja kama alivyozoea, kama bado ana siku moja. Alikuwa mzito na moto.

"Kwa nini hukuwachinja? Kwa nini hukuwauza?"

"Mmoja nilimpeleka sokoni. Nikakutana na msimamizi wenu ana kwa ana, akauliza, mteja wetu, unanunua matetea tu, jogoo huyu umetoa wapi? Nikamdanganya. Nikajua wakigundua watakuondoa mezani wakuweke kufagia. Nikarudi naye. Na kuwachinja..." Akakuna shingo. "Kila mmoja hapa umemshika mkononi. Nilishindwa."

Hayo aliyasema bila kutafuta sifa, na Jicho akayasikia yanapita hadi ndani kabisa. Lakini kitu kingine kilikuwa kinapanda nyuma yake.

"Wangapi kati ya wangapi?" mama mdogo akauliza, maana yeye ni mtu wa kutaka kujua.

"Hawa kati ya mamia. Mwanzo walikuwa wachache sana, huenda sanduku zima asiwemo hata mmoja. Miezi ya karibuni wameongezeka."

"Tangu nilipoacha kufungua mabawa," Jicho akasema.

Akaendelea, kama anajisemea. "Yule mama aliyenifundisha alikuwa akiwatenga vifaranga wangu kwenye chumba cha pembeni, anawalea mpaka panga zitoke. Kisha ananiita. Njoo uone ulichofanya. Nilikuwa nalia kila mara, na kila mara makosa yanapungua. Alipostaafu, vifaranga wakawa wanaondoka siku ile ile. Hakuna aliyerudi. Mimi nikadhani hawarudi kwa sababu sikosei."

"Watu huwachinja wakanyamaza," mfugaji akasema. "Nani atafunga safari kwa ajili ya jogoo mmoja?"

"Wewe ulifunga. Kisha ukageuka na kapu lako." Akainua macho, na sasa yalikuwa makali. "Mwaka mzima nimesimulia watu hadithi ya kapu lile, na wewe umekaa pembeni unatabasamu. Nimetamba mezani kila asubuhi, na wewe unajua. Ulikuwa unanipenda au unanionea huruma?"

"Wakati mwingine vyote viwili huwezi kuvitenganisha."

"Vitenganishe."

Akafikiri. Jogoo mmoja akanya kwenye kiatu chake, hakutazama. "Mwanzoni nilikuogopa. Nilijua nikikuambia utanichukia. Kisha wakawa wengi, na kila siku inayopita kukuambia kunakuwa kugumu zaidi. Huruma haikuwepo. Ilikuwa woga."

"Nilijua unanificha kitu. Hapo sikukosea."

"Hapo hukukosea."

"Nilikosea ni kitu gani tu." Akaguna. "Nilikuwa tayari kuwarudisha wazazi wako kesho, na viatu vipya vya baba yako. Hata kama nisingemkuta mtu. Mama mdogo aliniuliza, kama umeshaamua unakwenda kutazama nini, nikakosa la kumjibu."

Mfugaji akasogea hatua moja. "Na sasa?"

"Sasa nitajuaje siku utakayonificha jingine?"

"Uliza."

"Jana niliuliza. Ukaniambia waya."

Hapo mfugaji akainamisha kichwa. Mama mdogo anasema hajapata kuona mwanamume mkubwa namna ile akikosa pa kuweka mikono yake.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Jana ulifungua bawa kama inavyotakiwa. Mimi ndiye niliyelifunika."

Jicho akamtazama sana. Alimtazama kwa shaka, sitakudanganya, kama anavyotazama mchaguzi mwanafunzi, unyoya kwa unyoya: paji la uso, macho, midomo. Hakuupima moyo wake umesema nini. Akamkabidhi mama mdogo jogoo, akafungua mkoba, akatoa chupa na pamba.

"Leta mkono."

Mfugaji akauleta. Jicho akamwosha mikwaruzo yote miwili, polepole, anapuliza ikiuma, na katikati ya kuosha akasema bila kuinua kichwa, "Kuanzia sasa, kila nitakayemkosea umlete dirishani. Akiwa hai. Mbele ya watu."

"Watakucheka. Msimamizi atasikia."

"Msimamizi nitamwambia mimi mwenyewe Jumatatu, na mabawa nitaanza kuyafungua asubuhi hiyo hiyo. Wacheke. Na nikikuuliza habari ya mkono wako, usiniambie waya."

"Sitakuambia waya."

"Na taulo ya pili?"

"Ya kufutia mikono nikitoka humu. Inuse."

Mama mdogo, yeye hakungoja kuambiwa, akaenda akainusa. Akarudi amekunja uso. "Ni kweli," akasema. "Tena kweli kabisa."

Mfugaji akamshika Jicho vidole. "Kesho wazazi wangu waje, au wasije?"

"Waje. Jibu nitawapa wao na wewe mkiwa mmekaa mbele yangu. Sikupi leo." Kisha akauliza, "Lile kapu bado unalo?"

Alikuwa nalo. Akalitoa juu ya kabati la jikoni, na ndivyo Jicho alivyoliona jiko lile kwa mara ya kwanza, sufuria mbili na kikombe kimoja. Wakamtia yule jogoo mwenye unyoya mweupe, wakafunika kwa kitambaa, na Jicho akalibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Mama alikuwa mlangoni. Alipoona kapu akajipangusa mikono haraka. "Amekuletea zawadi?"

"Malalamiko, mama. Yamechelewa mwaka mmoja."

Wakamwambia yote, huyu akisahau yule akikumbusha. Mama alisikiliza bila kukohoa hata mara moja. Walipofika kwenye masanduku yenye macho aliweka kiganja shavuni, akabaki hivyo. Jogoo alikuwa chini ya meza ya jikoni, ndani ya kapu, anakwaruza taratibu.

"Kwa hiyo kesho utasema nini?" mama akauliza.

"Nadhani nitakubali."

"Unadhani?"

"Nadhani, mama."

"Huna hakika?"

"Sina. Nampenda, hilo halinipi shida. Lakini ni mtu anayeogopa, na mtu anayeogopa huweza kuficha. Mimi nami ni mtu wa kudhani nimeona. Nitakuwa naangalia. Nitakuwa nauliza."

Mama akainuka akasogeza kiti mahali pake.

"Tangu unaota meno," akasema, "sijakusikia ukisema nadhani. Wewe ulikuwa unajua tu. Umemkataa mtu, unajua. Umempenda mtu, unajua. Nami nalala naangalia dari, nasema, huyu siku atakayokwenda njia mbaya atakwenda mbio, na hatageuka nyuma." Akazima taa ya jikoni. "Mgongo wangu hauna kitu. Ulikuwa wewe."

Mama mdogo alilala wa kwanza, maana alikuwa ametembea sana, na anakiri mwenyewe kwamba hakusikia kilichofuata. Jicho alilala chali akingoja kile kitanda cha upande wa pili kilie. Kililia mara moja, mama akijiweka sawa. Akangoja. Hakikulia tena. Baadaye kidogo akasikia kitu ambacho hakukijua mwanzoni, akadhani ni jogoo jikoni, akainua kichwa asikilize vizuri. Alikuwa mama, anakoroma.

Moyo ukamwambia Jicho kwamba kesho yote yatakwenda vizuri, na kwamba yule jogoo hatawika mpaka kupambazuke.

"Tutaona," akaujibu, akageukia ukutani, akalala.